Katoni ya "Lu et approuvé"

Kwa miaka tisa nilikuwa na kibanda cha fotokopi na kupiga barua Kadutu, hapa Bukavu, kwenye mteremko wa kushukia sokoni. Kompyuta moja, printa moja iliyokuwa ikitafuna karatasi, na jenereta ndogo ya siku ambazo umeme umeenda, yaani karibu kila siku. Juu ya meza nilikuwa na kipande cha katoni, upana wa kiganja, nilichokiandika kwa biki nyeusi, herufi kubwa kubwa: Lu et approuvé. Kwa Kiswahili ni "nimesoma na nimekubali". Huku kwetu mtu hatii sahihi peke yake kwenye mkataba. Juu ya sahihi anatakiwa aandike maneno hayo kwa mkono wake mwenyewe. Wateja wangu wengi hawakujua Kifaransa, na wengine kalamu waliishika mara ya mwisho darasa la tatu. Basi nilikuwa nawasogezea ile katoni, nao wananakili.

Nasema wananakili, lakini walichokuwa wakifanya ni kuchora. L, halafu u, halafu nafasi, halafu vile vidudu vya katikati. Wengi walisahau kale kamstari ka juu ya e ya mwisho, na mimi nikawaonyesha kwa kidole: "Mama, weka na haka hapa." Nikajiona mtu wa roho nzuri. Kumbe namfundisha mtu ambaye hajasoma kitu namna ya kuapa kwamba amesoma.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mkopeshaji. Jina lake sitalitaja, na haina haja, kwa sababu kazi yake ina jina ambalo Kongo nzima inalijua: Banque Lambert. Jina ni la banki ya zamani ya Wabelgiji, likageuka kuwa jina la kila mtu anayekopesha pesa za mfukoni kwa riba ya mwezi. "Enda kwa Lambert," watu wanasema, kama vile enda dukani. Kwa yule wetu riba ilikuwa asilimia 30 kwa mwezi. Mtu akionekana hana haraka, 20. Akija anatetemeka, 50. Bei ilipangwa na haraka ya mkopaji, si na kitu kingine.

Tulimwita Patron. Mtu mpole, koti la kijivu hata jua likiwaka, hapandishi sauti. Mtu akisikia habari za mnyonyaji anafikiria macho mekundu na vijana wenye misuli mlangoni. Huyu alikuuliza habari za watoto na akakumbuka majina yao. Wakopaji wake aliwanunulia chai na mandazi pale pale kwenye benchi langu wakati printa inapata joto.

Alikuwa akija na kikaratasi. Mara ni nyuma ya pakiti ya sigara, mara ukurasa wa kalenda, mara kona ya daftari la mwanafunzi. Juu yake, kwa mkono wake, biki ya buluu: jina la mkopaji, namba ya kadi yake ya uchaguzi, halafu tarakimu mbili na mshale katikati. Kwa mfano 400, mshale, 640. Hakuna neno lingine, na mimi sikuhitaji neno lingine. Ya kushoto ni dola zinazotoka mfukoni mwake. Ya kulia ni dola zinazoingia kwenye barua. Mia nne kwa asilimia 30, miezi miwili: 120 na 120, jumla 240, jumlisha mtaji, 640.

Na barua yenyewe ilisemaje? Ilisema kwamba fulani anakiri amepokea dola 640 za Marekani, mkopo usio na riba. Sans intérêt, nilikuwa naliandika hivyo, tena kwa herufi nene. Riba ilikuwa imeshayeyuka ndani ya mtaji kama sukari ndani ya chai. Chini kabisa kulikuwa na kipengele cha mwisho: asipolipa siku iliyotajwa, nyumba yake imehesabiwa kuwa imeuzwa kwa kiasi hicho hicho, na barua hii ndiyo hati ya mauzo. Faili lilikuwa tayari ndani ya kompyuta. Nabadilisha jina, tarehe na tarakimu, dakika nne basi. Ukurasa wa kawaida nilikuwa natoza franga 500. Patron alinipa dola 5 kwa kila barua. Tofauti hiyo ndiyo iliyowalipia wanangu wawili shule. Sijifichi.

Vile vikaratasi nilikuwa navichoma kwenye msumari uliopigwa kwenye ubao wa ukuta. Si kwa ajili ya haki. Zamani mteja mmoja alinisingizia kwamba nimekosea tarakimu kwenye barua yake ya kiwanja, akataka nimlipe hasara. Tangu siku hiyo kila rasimu iliyoletwa kwa mkono niliihifadhi, nipate pa kujitetea. Msumari ukijaa, navihamishia kwenye kopo la biskuti.

Mwaka 2018, mwezi wa sita, kiangazi kimeanza na vumbi limekalia kila kitu, Patron aliniletea mama ninayemfahamu. Mtaa mzima ulimwita Mama Sambaza. Aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wabichi na wakavu, kwa kipimo cha kikopo, na mke wangu alikuwa akichukua kwake na kulipa mwisho wa juma. Mjane. Nyumba ya mbao na mabati aliyoachiwa na mumewe, vyumba vitatu, juu kwenye kilima ambapo mvua ikinyesha unashuka kwa kushikilia mawe. Binti yake alikuwa amejifungua kwa upasuaji siku kumi na moja zilizopita, na kituo cha afya kilikuwa kimemzuia, yeye na kitoto chake, mpaka bili ilipwe. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa jambo hilo. Bili ilikuwa dola 320 na kila usiku inaongezeka. Alikuwa ameshapita kanisani, kwa shemeji zake, na kwenye kirimba cha akina mama wa soko, kile cha kuchangiana pesa na kupokezana, ambako zamu yake ilikuwa bado miezi mitano.

"Mama, ukishamaliza hapa tunaenda wote kwa binti yako," Patron alimwambia. "Leo hii hii analala kwako."

Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, mtu anayekwenda mahali pa heshima. Akashika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama, akaniinulia macho.

"Mwanangu, wameandika nini humu?"

"Ni deni, mama. Na siku ya kulipa."

Hakuna neno la uongo katika jibu hilo. Mpaka leo ndilo linaloniamsha usiku, kuliko hata ile 640. Nilimsogezea katoni. Akachora polepole, akikandamiza biki kwa nguvu mpaka ikatoboa karatasi kwenye tumbo la p ya kwanza. Nikamwonyesha kale kamstari ka juu ya e. Saa nane mchana niliwaona wakipita, yeye na binti na mtoto mgongoni, Patron akiwabebea ndoo. Kwa kweli aliwabebea ndoo.

Hapa nitoke njiani kidogo, maana Lambert si wa kina mama wa soko tu. Tangu Serikali ianze kupitisha mishahara kwenye banki, kuanzia 2011, walimu na askari walipata kadi za mashine za kutolea pesa. Kwa mkopeshaji ilikuwa baraka. Kabla ya hapo alikuwa na karatasi tu. Sasa anachukua kadi yenyewe na namba ya siri. Mwisho wa mwezi ungemkuta Patron kwenye foleni ya mashine na kadi za watu wengine zimefungwa mpira wa chupi, anatoa moja baada ya nyingine, anamrudishia mwalimu kinachobaki. Mwalimu mmoja wa sekondari aliwahi kuniambia hajagusa kadi yake mwenyewe kwa miezi kumi na minne. Yeye Kifaransa anakijua, anakifundisha. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ni habari ya kutojua kusoma tu.

Turudi. Mwezi wa nane Patron alileta kikaratasi cha pili chenye jina lile lile. 640, mshale, 830, halafu neno moja: nyumba. Mama alikuwa ameshalipa 150 na tena 120, lakini hakupewa risiti. Aliambiwa hiyo ni pesa ya muda, ya kumvumilia. Deni lenyewe likabaki palepale, na sasa linapigwa asilimia 30 tena. Hesabu inatoa 832. Patron alisema anamsamehe hizo mbili. Mama akamshukuru, mbele yangu, kwa kuinama kidogo na mikono pamoja.

Alipokea 400, amelipa 270, anadaiwa 830. Hesabu hii nilikuwa naiweza tangu darasa la tano, na nilipiga barua.

Mwezi wa kumi na moja Patron alikwenda na kufuli. Ndiyo hiyo tu, kufuli jipya la dukani, na vijana wawili waliotoa masufuria nje kwa adabu na kuyapanga. Mvua ilikuwa imeanza. Mama na binti na mjukuu wakalala kwa jirani. Mke wangu alirudi sokoni mikono mitupu, akakaa, akaniuliza: "Ile barua ni wewe uliipiga?" Nikamjibu ni mimi. Hakusema kitu. Kwa majuma mawili hatukula sambaza nyumbani, kwa sababu aliyekuwa akituuzia hakuwa na mahali pa kuwaanikia.

Nilichofanya baadaye watu wamekiita ushujaa, na mimi nakataa. Niliogopa. Niliwaza kwamba mambo yakifika mahakamani nitaitwa, na jina la kibanda changu lipo chini ya ukurasa kwa maandishi madogo. Palikuwa na avoka kijana, yaani wakili, tunayemwita Maître, aliyekuwa akija kwangu kutoa fotokopi za mafaili, mmoja wa wale wanaokaa zamu kwenye ofisi ya mashauri ya bure ya chama cha mawakili. Nikamweleza kama vile nauliza habari ya mtu mwingine.

Alinisikiliza, akavunja matumaini mapema. "Barua inasema 640, halafu 830, bila riba. Mama anasema 400. Jaji atasoma barua. Mashahidi wa mdomo hawapokelewi kupinga kilichoandikwa. Tena kuna kifungu cha 33 cha sheria ya mikataba: mkataba uliofanywa kwa halali ni sheria kwa waliouweka. Mkopeshaji atasimama na kusema neno moja: amesaini."

"Lakini alilazimika, Maître."

"Nani alimlazimisha?"

Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipoelewa ujanja wa kazi yote. Sheria yetu ya mikataba ni dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, ya enzi za mfalme Leopold, Bukavu hii hata haijaitwa Costermansville. Katika kifungu chake cha 9 inataja mambo matatu yanayoharibu ridhaa: kukosea, kulazimishwa kwa nguvu, na kuhadaiwa. Mama hakukosea, alijua ni deni. Patron hakumtishia, kilichomtisha kilikuwa kule kituoni, kimemkamata binti, na Patron alikuja akakikuta tayari. Kumhadaa? Labda, lakini thibitisha. Na kwamba bei ni mbaya, peke yake haitoshi kuvunja mkataba. Watu huuziana vibaya kila siku.

"Ila," avoka akasema, akafungua kitabu chake kilichojaa mistari ya penseli, "kuna 131 bis."

Namba yenyewe inakuonyesha kwamba kifungu kilichomekwa baadaye, katikati ya vingine. Kinahusu mikopo. Alinisomea kwa Kifaransa, mimi nikageuza kwa Kiswahili kichwani, na nitakisema kwa maneno yangu: kama mkopeshaji, kwa kutumia vibaya mahitaji, udhaifu, tamaa au kutojua kwa mkopaji, amejipatia ahadi ya riba au faida nyingine inayopita wazi riba ya kawaida, jaji anaweza, mkopaji akiomba, kulipunguza deni mpaka lirudi kwenye ya kawaida. Hakihitaji kofi wala bunduki. Kinaangalia vitu viwili pamoja: pengo kubwa kati ya kilichotolewa na kinachodaiwa, na mlango ambao mkopeshaji alipitia ndani ya mtu. Kimoja bila kingine, kesi inalegea. Akaongeza kwamba hata kwenye sheria ya jinai riba ya kinyonyaji ni kosa, lakini huko hakutaka kuanza nako.

Maneno manne hayo sikuyasikia kama sheria. Niliyasikia kama orodha ya benchi langu. Mahitaji: Mama Sambaza. Udhaifu: mzee mstaafu ambaye mkono ulitetemeka mpaka nikamshikia kiwiko asaini. Tamaa: kijana aliyekopa ili arudishe pesa aliyoliwa kwenye kamari ya mpira. Na kutojua, hiyo ilikuwa juu ya meza, upana wa kiganja, kwa mwandiko wangu.

"Tatizo linabaki ushahidi," avoka alisema. "Tungepata hata mstari mmoja ulioandikwa na yeye mwenyewe..."

Nikapanda kwenye kiti nikashusha kopo la biskuti.

Alivitafuta viwili vya Mama Sambaza kwa dakika kama ishirini. Cha kwanza kilikuwa kwenye ukurasa wa kalenda ya mwezi wa tano, kina tundu la msumari katikati ya sifuri. Akakiinua kwenye mwanga wa mlango. "Huu ni mwandiko wa nani?" Wake. "Una uhakika?" Nina vingine kama hivi hamsini na zaidi, vyote biki ya buluu, saba zake zote zina mstari tumboni. Akakaa chini. Akanieleza kitu ambacho kila mpiga barua angepaswa kukijua: maandishi yakitoka kwa mtu yule yule unayemdai, na yakafanya jambo unalodai lionekane linawezekana, sheria inayaita mwanzo wa ushahidi wa maandishi, na mlango wa mashahidi unafunguka tena. Lazima yatoke kwake. Daftari langu la mapato lisingefaa, ni langu. Ujumbe wa simu wa mama kwa dada yake usingefaa. Takataka ya Patron ndiyo iliyofaa.

Habari ya nyumba ilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Kwa sheria ya ardhi ya 1973 udongo ni mali ya Serikali, na umiliki unathibitishwa na cheti cha usajili. Mama alikuwa na fishi ya kartie tu, yaani karatasi ya mtaa, kama kilima kizima. Halafu nyumba iliachwa na marehemu. Kwa sheria ya familia ya 1987 watoto wanarithi robo tatu, na mjane ana haki ya kuendelea kukaa. Hakuwa na uwezo wa kuiuza peke yake hata angetaka. Ile hati ya mauzo ilikuwa gamba. Lakini kufuli halisomi sheria, na watu watatu walikuwa wanalala sakafuni kwa jirani.

Avoka alipeleka barua ya kumtaka Patron aondoe kufuli. Siku mbili baadaye Patron alikuja kibandani, peke yake, bila kikaratasi. Akakaa kwenye benchi la wateja.

"Kijana, tumekula pamoja miaka sita."

"Ndiyo, Patron."

"Nirudishie vile vikaratasi vyangu. Ni vyangu, si ndiyo?"

Akaweka bahasha juu ya katoni. Kwa unene ilikuwa kama dola 200. Ningependa kuandika kwamba niliirudisha kwa maneno mazito. Nilichosema ni kwamba vikaratasi haviko kwangu, viko kwa Maître, na hiyo ilikuwa kweli kwa sababu nilishavitoa fotokopi kwa mashine yangu mwenyewe na kumpa vya asili. Kama vingekuwa bado kwenye kopo, sijui. Akachukua bahasha yake taratibu, akaniuliza watoto wanaendeleaje, akaondoka. Hakurudi tena kama mteja. Mwezi uliofuata mapato yangu yalishuka nusu, na wapiga barua wenzangu wawili waliacha kunisalimia, kwa sababu wakopeshaji sasa walianza kudai rasimu zao zirudishwe.

Kwenye kopo kulikuwa na vikaratasi vya watu wengine 61. Hili la kuwaeleza lilinichukua mwaka na sikulifanya vizuri. Niliwapata kumi na mmoja. Watatu walikwenda kwa avoka. Wawili walinitukana, na walikuwa na haki. Mzee mstaafu alikuwa ameshakufa. Mmoja, fundi cherehani, aliniomba sana nisiseme jina lake popote, kwa kuwa mwezi wa tisa, ada za shule zikianza, atamhitaji tena Patron. "Wewe utanikopesha?" aliniuliza. Sikuwa na jibu. Avoka alikuwa na kifungu kizuri, lakini kifungu hakifungui mlango saa tatu asubuhi na dola mia nne mfukoni. Vikundi vya akiba vya akina mama vinasaidia, nimejiunga na kimoja, na riba yake inarudi kwa wanachama wenyewe. Ila huko unapata kulingana na ulichoweka, na upasuaji hauangalii umeweka kiasi gani.

Ya mama mwenyewe yaliisha kwa mapatano, hayakufika kwenye hukumu. Avoka alisikitika, alitaka jaji atamke wazi kwamba 830 ile ni unyonyaji, iandikwe, wengine waitumie. Mama hakutaka mahakama, alitaka masufuria yake ndani. Walikubaliana mtaji 400, riba 40 kwa muda wote, toa 270 alizokwisha kulipa, zinabaki 170 kwa miezi mitano, 34 kila mwezi, kila malipo na risiti. Barua zote mbili za zamani zichanwe mbele ya wote.

Barua ya mapatano niliipiga mimi. Avoka alitaka ipigwe ofisini kwake. Mama ndiye aliyesema hapana, ipigwe pale pale. Wakaja wote. Patron na koti lake, avoka, shefu wa kartie kama shahidi, na mama na kitenge kile kile cha kanisani. Nilipiga kwa Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Printa ikatafuna ukurasa wa kwanza, nikatoa mwingine. Halafu, kwa mazoea ya miaka tisa, mkono wangu ukamsogezea katoni.

Akaisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Nisomee kwanza."

Nikasoma. Akafumba macho. Nilipomaliza akasema, "Rudia." Nikarudia, polepole zaidi. Nilipofika kwenye "alipokea dola mia nne" akanizuia.

"Hapo. Rudia hapo."

Nikasoma hapo mara ya tatu. Patron alikuwa anatazama barabarani. Mama akachukua biki, akauliza kama Kiswahili kinaruhusiwa, avoka akasema kinaruhusiwa. Akaandika kwa herufi zake mwenyewe, zilizolala upande, bila kutazama popote: nilipokea 400. Chini yake akaweka sahihi.

Halafu akafungua fundo la kitenge, akahesabu franga 500 za ukurasa, akaziweka juu ya meza. Nilizikataa. Akasubiri mpaka nikazichukua, akaomba risiti.